Alama za chini mtihani wa leseni: Daktari wa Kisii ana nafasi gani Marekani?

KATIKA vijiji vya Kisii na Nyamira, mtoto anayefuzu kuwa daktari huwa wa ukoo mzima. Wajomba huchanga, makanisa huandaa harambee, na wazazi hutegemea pesa za majani chai na ndizi, au hukodisha kipande cha shamba, ili karo itimie. Daktari huyo anapotangaza kwamba anataka kwenda Marekani kusomea ubingwa, swali la pesa hujadiliwa mapema. Swali jingine lililo zito zaidi huachwa mpaka maji yamwagike: je, akipata alama ya chini katika mtihani wa leseni itakuwaje?

Jibu fupi ni kwamba alama ya chini, mradi iwe ya kufaulu, haimnyimi daktari cheti. Inachoweza kumnyima ni nafasi ya mafunzo hospitalini, na bila nafasi hiyo cheti chenyewe hakimfikishi mbali. Isitoshe, mtihani ukishafaulu haurudiwi kwa nia ya kuboresha alama. Jambo hili la mwisho ndilo linalofaa kueleweka na mtahiniwa pamoja na wanaomchangia, kabla ya ada ya kwanza kulipwa.

SAFARI HUANZIA WAPI

Kaunti za Kisii na Nyamira zilikuwa na jumla ya watu zaidi ya milioni 1.87 katika sensa ya 2019. Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Tegemeo lao kuu kwa matibabu makubwa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambako pia wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kisii hujifunzia kazi. Chuo hicho kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Egerton tangu 2007 kabla ya kupata hati ya kujitegemea mwaka 2013.

Eneo hili lina uhusiano wa miaka mingi na Marekani. Katika jimbo la Minnesota, hasa viungani mwa jiji la Minneapolis kama vile Brooklyn Park, kuna jamii kubwa ya Wakenya, na wengi wao asili yao ni Gusii. Baadhi wameajiriwa kama wauguzi na wahudumu wa wazee. Kwa hivyo daktari kijana wa Keroka au Nyansiongo huwa na shangazi au binamu wa kumpokea. Hata hivyo, jamaa hao wanaweza kumpa malazi na chakula, lakini hawawezi kumpa leseni.

Sheria za majimbo mengi ya Marekani humtaka daktari aliyesomea nje ya Marekani na Kanada afanye mafunzo ya ubingwa, yanayoitwa rezidensi, katika hospitali zilizoidhinishwa kabla ya kupewa leseni kamili. Hata aliyetibu wagonjwa kwa miaka kumi katika wadi za Kisii huanza upya. Mafunzo hayo huchukua miaka mitatu kwa tiba ya magonjwa ya ndani, tiba ya familia au ya watoto, na mitano au zaidi kwa upasuaji.

MTIHANI WENYEWE

Mtihani unaozungumziwa hujulikana kama USMLE. Una hatua tatu. Ya kwanza, maarufu Step 1, hupima misingi ya sayansi ya tiba. Ya pili, Step 2 CK, hupima maarifa ya kumtambua na kumtibu mgonjwa. Hizi mbili hufanywa kwa kompyuta, na kila moja huchukua siku nzima. Step 3 hufanywa kwa siku mbili nchini Marekani, na wengi huifanya wakiwa tayari katika mafunzo.

Hapo awali kulikuwa na sehemu nyingine, Step 2 CS, ambapo mtahiniwa alisafiri hadi Marekani kuonyesha jinsi anavyomhoji na kumpima mgonjwa. Ilianza 2004, ikasimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona na kufutwa kabisa Januari 2021. Mahali pake, shirika la ECFMG linalokagua vyeti vya madaktari kutoka nje liliweka njia mbadala za kuthibitisha ujuzi wa kliniki, pamoja na mtihani wa Kiingereza wa OET.

Mojawapo ya njia hizo humhusu daktari aliye na leseni ya kutibu bila kusimamiwa katika nchi yake. Kwa Mkenya, leseni hutoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, baada ya kumaliza mwaka wa uanagenzi hospitalini. Ndiyo maana kuchelewa kwa nafasi za uanagenzi nchini Kenya kunaweza kuchelewesha pia ombi la Marekani.

Mvutano kuhusu madaktari wanagenzi ulichangia mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 na kumalizika Mei 8 mwaka huo. Serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi, nao madaktari wakishikilia Sh206,400 kulingana na mkataba wa 2017. Ilikubali kiwango hicho cha mkataba Desemba 2024. Kwa aliyehitimu wakati huo, miezi iliyopotea ilihesabika huku na ng'ambo.

ALAMA NA MAANA YAKE

Hadi Januari 2022, Step 1 ilitolewa kwa alama za tarakimu tatu, na hospitali nyingi ziliitumia kuwachuja waombaji. Tangu Januari 26, 2022, matokeo yake ni kufaulu au kuanguka tu. Wengi walidhani mzigo umepungua. Kwa kweli ulihamia kwingine, kwani Step 2 CK ingali inatolewa kwa alama, na ndiyo sasa inayotazamwa zaidi.

Kiwango cha kufaulu nacho kimekuwa kikipandishwa. Kwa Step 2 CK kilikuwa 209, kikawa 214 kuanzia Julai 2022, kisha 218 kuanzia Julai 1, 2025. Aliyepata alama 215 Juni 2025 alifaulu, ilhali aliyepata alama hiyo hiyo mwezi uliofuata alianguka. Anayetumia vitabu na ushauri wa miaka iliyopita anafaa kukumbuka mabadiliko haya.

Kuna kanuni tatu ambazo mtahiniwa hapaswi kuzisahau.

Kwanza, aliyefaulu hatua fulani haruhusiwi kuirudia ili apate alama bora. Alama ya 220 itabaki 220 katika rekodi yake hata kama mwaka mmoja baadaye ana uwezo wa kupata 250.

Pili, aliyeanguka anaweza kurudia, lakini tangu Julai 2021 hawezi kufanya hatua moja zaidi ya mara nne. Awali kikomo kilikuwa mara sita. Kila jaribio huonekana katika rekodi inayotumwa hospitalini.

Tatu, ECFMG huhitaji mitihani inayotumika kwa cheti ikamilishwe katika muda wa miaka saba. Anayefanya hatua moja kisha akakaa akitafuta pesa za hatua ya pili anaweza kujikuta muda umemponyoka.

Kutokana na kanuni hizi, kufaulu kwa alama ya chini na kuanguka ni misiba miwili tofauti. Aliyeanguka ana kovu, lakini angali na nafasi ya kuonyesha kwamba amepona. Aliyefaulu kwa alama ya chini hana kovu la kuanguka, lakini mlango wa kuboresha alama hiyo umefungwa. Hakuna aliye na raha kati yao, na dawa ya wote wawili ni moja: kutoingia chumba cha mtihani kabla ya kuwa tayari.

UNGO WA KWANZA

Hospitali moja ya Marekani inaweza kupokea maelfu ya maombi kwa nafasi chache. Wakuu wa mafunzo hawawezi kusoma kila barua. Mfumo wa maombi huwawezesha kuchuja kwa kompyuta, kwa kuangalia alama, idadi ya majaribio, mwaka wa kuhitimu na aina ya visa. Ombi lililo chini ya kiwango walichoweka huenda lisisomwe na mtu yeyote, hata likiwa na barua nzuri kiasi gani.

Wanaopita ungo huo huitwa kwa mahojiano. Baadaye mwombaji huorodhesha hospitali anazozipendelea, nazo hospitali huorodhesha waombaji. Kompyuta ya mfumo wa kitaifa, NRMP, hulinganisha orodha hizo, na matokeo ya mwisho hutangazwa Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi. Mafunzo huanza kwa kawaida Julai.

Takwimu za NRMP zinaonyesha pengo lilivyo kubwa. Mwaka 2025, asilimia 93.5 ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walipata nafasi. Kwa madaktari wasio raia wa Marekani waliosomea nchi nyingine, ilikuwa asilimia 58. Mwaka 2024 kundi hili lilipata asilimia 58.5. Kwa hivyo, kati ya kila wageni 100, takriban 42 walibaki mikono mitupu mwaka 2025.

Idadi hiyo yenyewe haisemi yote. Wanaohesabiwa ni wale tu waliofikia kuwasilisha orodha ya hospitali, na kwa kawaida anayewasilisha ni yule aliyehojiwa angalau mahali pamoja. Aliyechujwa na kompyuta mwanzoni na hakuitwa popote hamo katika hesabu.

Uwanja wa ubingwa pia una uzito wake. Tiba ya magonjwa ya ndani, ya familia, ya watoto, patholojia na magonjwa ya akili hupokea wageni wengi zaidi. Upasuaji wa ubongo, wa mifupa na magonjwa ya ngozi ni milima mirefu hata kwa Mmarekani mwenye alama za juu. Daktari mwenye alama ya chini anayeng'ang'ania upasuaji wa ubongo anapoteza pesa za watu.

GHARAMA ZISIZORUDI

Ada ya Step 1 au Step 2 CK kwa daktari wa nje ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila mtihani mwaka 2025. Kwa thamani ya shilingi ya mwaka huo, hizo ni takriban Sh130,000 kabla ya kuongeza ada za kituo, vitabu na nauli. Pesa hizo hazirudishwi kwa kuanguka.

Baada ya hapo huja gharama za maombi. Katika msimu wa 2025, kila programu kati ya 30 za kwanza katika ubingwa mmoja iligharimu dola 11, na kila moja iliyozidi hapo dola 30. Aliyeomba programu 100 alilipa dola 2,430, ambazo ni zaidi ya Sh310,000. Mwenye alama ya chini ndiye hushauriwa kuomba kwingi, na kwa hivyo ndiye hulipa zaidi kwa matumaini madogo. Akikosa nafasi, mwaka unaofuata hulipa upya.

Hapa ndipo uamuzi wa daktari mmoja unapogeuka kuwa jambo la familia. Shamba la Gusii ni dogo, limegawanywa kwa vizazi kadhaa, na likiuzwa halirudi. Wanaochanga wanastahili kuambiwa mapema kwamba hata mtahiniwa hodari anaweza kukosa, na kwamba alama ya mtihani wa majaribio ndiyo kipimo cha kuamua kama pesa zaidi zitolewe.

VISA NA SERA

Wageni wengi hufanya mafunzo kwa visa ya J-1 inayodhaminiwa na ECFMG. Visa hii huhitaji barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi anakotoka daktari. Akimaliza, anatakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili, isipokuwa apate msamaha. Chini ya mpango wa Conrad ulioanzishwa mwaka 1994, kila jimbo linaweza kupendekeza madaktari 30 kwa mwaka kusamehewa, kwa sharti kwamba wahudumu miaka mitatu katika maeneo yenye uhaba wa madaktari.

Njia nyingine ni visa ya H-1B, ambayo humtaka daktari awe amefaulu Step 3. Septemba 2025, Rais Donald Trump alitia saini agizo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa hiyo. Miezi michache awali, Mei 2025, serikali yake ilisimamisha kwa muda miadi mipya ya visa za wanafunzi na za J-1 kabla ya kuirejelea Juni. Matukio haya yanaonyesha kwamba hata mwenye alama nzuri anaweza kukwamishwa na mambo asiyoyadhibiti.

ALIYEPATA ALAMA YA CHINI AFANYE NINI

Alama ya chini si hukumu ya kifo. Kuna wanaopata nafasi nazo, lakini huwa na mambo mengine ya kuwapigia debe.

La kwanza ni uzoefu wa kliniki nchini Marekani, hata wa mwezi mmoja au miwili, na barua kutoka kwa madaktari wa huko waliomwona akifanya kazi. Hapa ndipo jamaa wa Minneapolis anapoweza kusaidia kweli, kwa malazi. Pili, kufaulu Step 3 mapema kwa alama nzuri kunaweza kuonyesha kwamba mtahiniwa ameimarika. Tatu ni kuomba kwa busara: programu za mijini zisizo na majina makubwa na zile za maeneo ya mashambani ambazo zimekuwa zikipokea wageni. Nne ni kutokaa bila kutibu, kwa kuwa hospitali nyingi humkwepa aliyehitimu zamani na kuacha kazi ya wadi.

Majimbo kadhaa yameanza kulegeza masharti. Minnesota ilianzisha mwaka 2015 mpango wa serikali wa kuwasaidia madaktari wahamiaji wanaoishi humo kurejea katika taaluma yao. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa leseni ya muda madaktari waliofuzu nje bila kuwalazimisha kurudia mafunzo ya ubingwa Marekani. Hata hivyo, sheria za aina hii hazifuti mitihani, na huhitaji mwajiri aliye tayari.

Kwa ambaye hajafanya mtihani, ushauri ni mwepesi kuusema lakini mgumu kuufuata. Afanye mitihani ya majaribio, na akiona alama zinasuasua, aahirishe. Mtahiniwa hupewa kipindi cha miezi mitatu cha kuchagua siku yake, na ada ya kuahirisha ni ndogo ikilinganishwa na alama itakayomwandama maisha yote.

Ajihadhari pia na matapeli. Hakuna wakala anayeweza kumnunulia mtu nafasi katika mfumo wa NRMP. Wala maswali ya kuibwa si njia ya mkato. Januari 2024, wasimamizi wa USMLE walitangaza kubatilisha matokeo ya baadhi ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal baada ya kutilia shaka alama zao. Alama ya chini ya haki ni afadhali kuliko alama ya juu iliyofutwa.

MILANGO MINGINE

Uingereza hutumia mtihani wa PLAB, wenye sehemu mbili, ambao kwa ajili ya usajili huhitaji kufaulu tu. Huko alama ndogo ya kufaulu haimfuati daktari kama ilivyo Marekani, ingawa ushindani wa nafasi za mafunzo umekuwa mkali.

Nyumbani nako kuna mtihani. Wakenya waliosomea udaktari ng'ambo, wakiwemo vijana wa Gusii waliokwenda Urusi, Uchina na Ukraine, hupimwa na KMPDC kabla ya kuanza uanagenzi.

Kwa anayetaka ubingwa bila kuvuka bahari, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Moi mjini Eldoret hutoa shahada za uzamili za tiba. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, hufunza wapasuaji katika hospitali kadhaa. Mojawapo ni Tenwek katika kaunti jirani ya Bomet, mwendo mfupi kutoka Nyamira. Ukosefu wa ufadhili na ajira baada ya masomo ndio hufanya wengi wasitosheke na njia hizi.

Mgonjwa anayetolewa Nyamusi au Tabaka kwenda Kisii mjini usiku haulizi daktari alipata alama ngapi katika mtihani wa Wamarekani. Anauliza kama daktari yupo. Kwa daktari mwenyewe, alama ya chini inafunga milango fulani ya hospitali za ng'ambo, na ni vyema ajue hivyo kabla ya kulipa. Haiondoi ujuzi aliopata wadini, wala haifuti kazi inayomsubiri nyumbani. Familia inayojua tofauti hiyo haitauza shamba kwa pupa, wala haitamwita mtoto wao mshinde akirudi bila visa.